Tezi ya shingo kwa wazee wetu: maswali mnayoniuliza sana, Arusha na Moshi

Tangu watu wajue mama yangu anatibiwa tezi ya shingo, yaani thairoidi, simu haziishi. Naulizwa kanisani, naulizwa kwenye vikoba, wengine wananisimamisha stendi. Nimeona niyaweke maswali yote sehemu moja na majibu yake. Mi sio daktari, ni mtoto anayemuuguza mzazi wake hapa Moshi, nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki nikiuliza mpaka nijibiwe. Msimamo wangu nausema mapema: mzee aliyepoa, anayesinzia na kusahau, ana haki ya kupimwa kabla hajaambiwa ni umri, na akishaanzishiwa dawa ana haki ya kupimwa tena na tena mpaka dozi ikae sawa. Hapo pa pili ndo wazee wetu wengi wanapoachwa njiani.

Hii tezi iko wapi na kazi yake nini?

Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Inatoa homoni zinazopanga mwili uende kwa mwendo gani, moyo, tumbo, joto la mwili, hata akili. Homoni ikipungua kila kitu kinakuwa taratibu, ikizidi kila kitu kinakimbia. Halafu mtu mwenye goita kubwa anaweza kuwa na homoni sawa kabisa, na mwenye shingo ya kawaida akawa na upungufu mkubwa, kwa hiyo msisubiri shingo ivimbe ndo mwende hospitali.

Nitajuaje kama ni tezi au ni uzee tu?

Kwa macho huwezi kujua, kipimo ndo kinajua. Ila kuna vitu vya kukufanya ushtuke.

Kwa mama kilichonishtua ni sweta. Ingekuwa Julai nisingejali, Julai kila mtu huku anavaa sweta, na Arusha ndo usiseme. Ila hii ilikuwa Februari, saa nane mchana, Moshi mjini, joto lile mnalolijua, yeye kakaa barazani na sweta, kitenge na shuka la Kimasai juu yake, na ukimshika vidole ni vya baridi. Baadaye nikaanza kuunganisha na mengine: choo kigumu siku nyingi, ngozi kavu inayopasuka hata umpake mafuta kiasi gani, sauti imekuwa nzito inakwaruza, uso umevimba asubuhi hasa chini ya macho, nyusi zimepungua upande wa nje, anasahau sufuria jikoni, na maongezi yake yamekuwa ya polepole mpaka wajukuu wanammalizia sentensi.

Wengine wanapata huzuni isiyo na sababu, mapigo ya moyo kwenda polepole, kusikia kupungua, ganzi mikononi, kolestero kupanda, damu kupungua. Shida ya mzee ni kwamba mara nyingi hana zote hizi, anaweza kuwa na moja au mbili tu, na zinakuja taratibu sana, nyie mnaokaa naye kila siku hamwoni. Ndo maana Desemba watu wakipanda kuja nyumbani Krismasi, mtoto aliyekaa Dar mwaka mzima anaingia tu mlangoni anasema "mama mbona amebadilika hivi?" Msimpuuze huyo mtoto.

Dokta anasema "bibi, ni umri huo". Nimjibuje?

Kwa heshima, ila usiondoke. Kinachosaidia ni kumpa mabadiliko yenyewe, sio kusema tu "anachoka", maana wazee wote wanachoka. Mi nilisema hivi: "Sawa dokta, umri umekwenda kweli. Lakini mwaka jana kihambani alikuwa anapalilia migomba mwenyewe, mwaka huu kutoka kitandani mpaka barazani lazima akae kwanza apumzike. Naomba apimwe TSH tujiridhishe." Ukitaja kipimo kwa jina, ukaeleza na sababu, ni vigumu mtu kukukatalia.

Kuna hospitali moja, siitaji, mama aliandikiwa vitamini na dawa ya usingizi, tukaambiwa apumzike. Mtu anasinzia mchana kutwa anapewa dawa ya usingizi! Na hili sio jambo dogo, kwa mwenye upungufu mkubwa wa homoni ambao haujatibiwa dawa za usingizi zinaweza kumzamisha kabisa, nitalieleza chini kwenye dharura. Kwa hiyo kama mzee wako ana dalili za tezi na anaandikiwa za usingizi, uliza kwanza.

Mkikwama kabisa sehemu moja mna haki ya kuomba rufaa au kwenda kwingine. Kwa huku watu wa Moshi wana Mawenzi na juu yake KCMC ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda, Arusha kuna Mount Meru na hospitali za madhehebu. Mnapofika ombeni kuonana na daktari wa magonjwa ya ndani.

Tuombe kipimo gani?

TSH ndo ya kwanza, ni damu tu ya mkononi. TSH inatoka kwenye kitezi kidogo kilicho chini ya ubongo, ni amri ya kuisukuma tezi ya shingo ifanye kazi, kwa hiyo tezi ikilegea TSH inapanda, na tezi ikizidisha TSH inashuka. Watu wengi wanalisoma jibu kinyume, wanaona namba kubwa wanadhani homoni zimezidi. Ikiwa haiko sawa inaongezwa T4 huru, T4 ndo homoni yenyewe inayotolewa na tezi. Ulizeni bei kabla ya kutoa damu maana maabara zinatofautiana, na jibu lipigeni picha kwa simu na tarehe ionekane, faili linapotea.

Kama mzee anakunywa vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini aviache siku mbili kabla, vinaharibu majibu kwenye baadhi ya mashine.

TSH imetoka juu kidogo na dokta amekataa kutoa dawa. Anatupuuza?

Sio lazima, na hapa lazima niwatetee madokta. Umri ukienda TSH inapanda kidogo yenyewe. Vipimo vingi vinaandika mwisho ni kama 4 au 4.5, lakini kwa mtu wa miaka zaidi ya 70 mwongozo wa wataalamu wa tezi wa Marekani wa 2014 unasema hata kulenga 4 mpaka 6 ni sawa. Na mwaka 2017 ulitoka utafiti mkubwa unaitwa TRUST, wa wazee 737 wa Ulaya wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ambao TSH zao zilikuwa zimepanda ila T4 iko kawaida. Nusu walipewa dawa na nusu vidonge vitupu, na uchovu wao haukutofautiana.

Kwa hiyo TSH ikiwa 6 na T4 nzuri, jibu sahihi linaweza kuwa ni kurudia kipimo baada ya miezi miwili mitatu na kutafuta sababu nyingine ya uchovu, kama damu, sukari, figo au moyo. Ikipita 10, au T4 ikiwa chini, hayo ni maongezi mengine na hapo usikubali kurudishwa nyumbani mikono mitupu bila maelezo.

Mama alianzishiwa dawa miezi mingi sasa, mbona hajapata nafuu?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote. Ninachouliza mimi kwanza: anakunywa ya ngapi, na mara ya mwisho TSH ilipimwa lini? Karibu kila mara jibu ni "ile ile ya mwanzo" na "hatujapima tena".

Sikilizeni jinsi inavyokwenda. Dawa inaitwa levothairoksini, ni T4 yenyewe. Kijana anaweza kuanzishiwa dozi kamili, inapigwa kwa uzito, kama maikrogramu 1.6 kwa kila kilo, yaani mtu wa kilo 60 ni kama 100. Mzee, hasa mwenye moyo, haanzishwi hivyo, anaanza na 25 au hata 12.5 ambayo ni nusu kidonge, kwa sababu moyo uliozoea kwenda polepole ukishtuliwa ghafla unaweza kuleta maumivu ya kifua au mapigo kwenda ovyo. Hiyo ni sawa kabisa, dokta hajakosea. Lakini ile 25 ni ya kuanzia! Inatakiwa baada ya wiki 6 mpaka 8 apimwe TSH, aongezwe kidogo, apimwe tena, hivyo hivyo mpaka namba ikae. Mzee huwa anahitaji kidogo kuliko kijana, ila wengi wenye upungufu wa kweli 25 haiwatoshi.

Sasa angalia maisha yetu. Watoto wanakuja Desemba, wanampeleka mama KCMC tarehe 27, dawa inaandikwa, furaha, tarehe 3 Januari wote wamerudi Dar na Nairobi. Wiki ya sita inaangukia Februari. Nani wa kumpeleka? Binti wa kazi hajui, jirani ana mambo yake, mama mwenyewe anasema msisumbuke mi nipo tu. Boksi likiisha mtu anaenda famasi na boksi tupu anapewa lile lile la 25, na hivyo hivyo mpaka Desemba nyingine. Halafu watu wanasema dawa haifanyi kazi.

Kwa hiyo kabla hamjaondoka Januari pangeni tarehe ya damu na jina la mtu atakayempeleka, na nauli ya bajaji iachwe pembeni. Sisi tuliibandika kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kanisa, kwa kalamu nyekundu. Na dozi ikishakaa sawa hampimi kila mara tena, mwaka mara moja inatosha kama hakuna kilichobadilika.

Msijiongezee wenyewe lakini. Najua kuna watu wanamwongezea mzee kidonge cha pili ili achangamke. Ikizidi TSH inashuka chini sana na mzee ndo anaumia zaidi ya kijana, moyo unaanza kudunda bila mpangilio, hali inayoweza kuleta kiharusi, na mifupa inaisha nguvu, akianguka bafuni nyonga imekwenda.

Anaweza kunywa dawa na chai?

Hapana, na hapa ndo dozi nyingi nzuri zinaharibikia. Ni maji matupu, tumbo tupu, halafu asubiri nusu saa mpaka saa nzima ndo chai. Chai ya maziwa, kahawa, uji, vyote vinapunguza dawa inayoingia mwilini. Mama alikuwa anaamka saa kumi na mbili, anakoroga chai ya maziwa, anatafuna na mhogo, vidonge vyote vya siku anavimwagia mkononi anameza kwa mpigo na chai ile ile. Tukahamisha kile kidonge kimoja tu, kinakaa kwenye meza ya kitanda na kikombe cha maji, akiamka kwenda chooni alfajiri anameza anarudi kulala. Hakuna kingine tulichobadilisha na TSH iliyofuata ilishuka.

Asiyeweza asubuhi anywe usiku akienda kulala, kama masaa matatu baada ya kula. Cha muhimu iwe namna moja kila siku.

Na dawa zake za presha, sukari na vidonda vya tumbo?

Za presha na sukari kwa kawaida anaendelea nazo ila mwambieni dokta zote, maana tezi ikirudi sawa mahitaji ya zile nyingine yanaweza kubadilika, na mwenye sukari aangalie namba zake kwa karibu. Zinazoleta shida moja kwa moja ni vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na vile vya kutafuna vya kiungulia, hizo zikae mbali na dawa ya tezi masaa manne. Omeprazoli nayo inapunguza ufyonzwaji, mtu anayeinywa kila siku anaweza kuhitaji dozi kubwa zaidi. Mwenye dawa ya moyo inayoitwa amiodaroni apimwe tezi hata kama hana dalili, dawa hiyo ina madini joto (iodini) mengi na inaweza kuivuruga tezi pande zote mbili.

Famasi wamenipa boksi tofauti na la mwezi uliopita.

Angalia vitu viwili: jina la dawa na namba. Kuna 25, 50 na 100 na maboksi ya kampuni moja yanafanana sana. Mzee aliyezoea 25 akipewa 100 na akaendelea kunywa kimoja kimoja, hiyo ni mara nne. Kampuni ikibadilika sio mbaya ila mpime TSH baada ya wiki kama 6, na mkipata inayomfaa jitahidini kubaki nayo. Duka la dawa muhimu la mtaani mara nyingi hamtaipata, nendeni famasi yenyewe, na msisubiri kidonge cha mwisho. Boksi lisikae jikoni karibu na jiko wala dirishani juani.

Mzee si anatibiwa bure?

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anasamehewa gharama kwenye vituo vya serikali. Aende na kitambulisho cha wazee, kama hana aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Hospitali ulizeni dirisha la wazee, na mkiona mnazungushwa ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, huyo ndo mwenye mambo ya misamaha. Ukweli ni kwamba msamaha hauleti dawa ambayo haipo stoo, mara nyingi mtaambiwa mkanunue nje. Mwenye bima aulize kabla kama TSH na hiyo dawa vinalipiwa kwenye kituo hicho.

Dada yangu yuko Marekani anataka kututumia vidonge vya tezi ya nguruwe, anasema ndo vya asili.

Mwambieni asubiri. Vidonge hivyo vina T4 na T3, homoni nyingine ya tezi, pamoja, kidonge cha miligramu 60 kina kama maikrogramu 38 za T4 na 9 za T3. T3 inapiga haraka, kwa mzee mwenye moyo au presha sio ya kujaribia nyumbani. Halafu vikiisha atakuwa hapati vingine hapa na madokta wetu hawajavizoea. Kama anataka kusaidia atume hela ya vipimo.

Chumvi, kabichi, mwani, mitishamba?

Tangu miaka ya 1990 chumvi ya kula Tanzania inatakiwa kisheria iwe na madini joto, kwa sababu goita ilikuwa imetuandama hasa watu wa milimani. Nunueni chumvi ya paketi, itunzeni kwenye chombo chenye mfuniko. Magadi ya kulainishia makande na kiburu sio chumvi ya madini joto, msidhani yanatosha. Ila tezi ya mzee ikishachoka, kumwongezea chumvi hakuifufui, kunapandisha presha tu, na vidonge vya mwani vyenye madini joto mengi vinaweza kuiharibu zaidi. Kabichi na mhogo uliopikwa vizuri ale tu kwa kiasi.

Mitishamba siwezi kuzisemea zote. Ninachosema ni asiache kidonge. Tunakumbuka mwaka 2011 na kikombe cha Loliondo, ile dawa ya mitishamba ya Babu, kuna watu waliacha dawa zao za hospitali wakijua wamepona.

Baba yeye amekonda, mikono inatetemeka. Ni tezi hiyo hiyo?

Inaweza kuwa imezidi badala ya kupungua. Kwa mzee inafichika pia, wengine hawatetemeki wala hawatoi jasho, wanakonda tu, wanakosa hamu ya kula, wananyamaza, na moyo unadunda ovyo, watu wanawaza kansa. Kipimo ni kile kile TSH. Dawa inayotumika sana ni karbimazoli, na akiwa anainywa akapata homa au koo kuuma aache na akimbizwe kupima damu siku hiyo hiyo, maana mara chache inashusha chembe nyeupe za damu. Kuna upasuaji, na kuna tiba ya iodini ya mionzi ambayo hutolewa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Bibi alipasuliwa goita zamani sana. Alishapona si ndiyo?

Mpimeni. Ikiwa tezi yote au sehemu kubwa ilitolewa, homoni zinaweza kupungua hata baada ya miaka mingi, na zamani wengi walitolewa nyuzi wakaambiwa nendeni. Ukiona kovu lile la mlazo shingoni kwa bibi anayesinzia sinzia, mwonyeshe dokta kwa kidole, usisubiri aulize.

Akisahau kidonge?

Akikumbuka siku hiyo hiyo anywe. Akikumbuka kesho aendelee kama kawaida, hamna haja ya kumwongezea, dawa hii inakaa mwilini, nusu yake inatoka baada ya kama wiki.

Kwaresima na Ramadhani?

Anaweza kuendelea. Anayefunga Ramadhani anywe akienda kulala, masaa matatu baada ya kufuturu, au aamke kabla ya daku kama nusu saa. Mwenye sukari au moyo aongee na dokta kuhusu kufunga kwenyewe.

Lini tusisubiri asubuhi?

Mzee mwenye upungufu wa tezi akiwa wa baridi mwili mzima, haamki vizuri, anaongea vitu visivyoeleweka, anapumua taratibu, uso umevimba: hiyo ni hospitali sasa hivi, hata saa nane za usiku. Inatokea zaidi miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, au akipata nimonia, au akiacha dawa, au akipewa zile za usingizi. Mfunikeni blanketi, msimwekee chupa za maji ya moto wala kumsogeza kwenye moto, mishipa ikifunguka ghafla presha inaanguka. Msimnyweshe kitu kama hajitambui vizuri. Akianza dawa au kuongezwa dozi akapata maumivu ya kifua au kushindwa kupumua, nayo ni usiku huo huo. Bebeni maboksi yote ya dawa zake kwenye mfuko mmoja na ile picha ya majibu, na mkifika mapokezi neno la kwanza liwe "ana tatizo la tezi ya shingo", mseme na shingo, maana mapokezi wengine wakisikia tezi na mgonjwa ni babu wanawaza tezi dume.